Nusu Kumi na Mbili

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, keki, na karatasi yenye muhuri inayosema kwamba nilifanya kazi vizuri. Asanteni sana, keki ilikuwa nzuri. Lakini katika hotuba zote sikusikia neno hata moja juu ya msumeno, na mimi nimeishi na msumeno miaka mingi kuliko niliyoishi na marehemu mume wangu. Kwa hiyo nimekaa mezani kuwaandikia ninyi mliobaki atelier, karakana yetu, hasa ninyi mliokuja juzi, mnaodhani vibao vya kujengea ni kazi ndogo kwa sababu anayevichezea ni mdogo.

Hata mimi nilidhani hivyo. Nilifika atelier na diploma ya kufundisha watoto wa gardienne, yaani chekechea, nikitegemea kupewa meza na kalamu. Wakati ule ilikuwa chumba kimoja tu hapa Nyawera, mjini Bukavu, nyuma ya duka la misumari, na makelele ya soko yaliingia dirishani tangu asubuhi. Mkuu wake alikuwa Papa Zihindula, seremala mwenye umri wa baba yangu, ambaye alikuwa ametengeneza milango ya nusu ya mji kabla ya kuanza kuzitengenezea shule za gardienne vibao. Diploma hakuiuliza. Aliniwekea mbele makasha mawili ya mbao yaliyofungwa.

"Tikisa," akasema.

La kwanza lilikaa kimya. La pili likalia koko-koko.

"Hii yenye kusema, iko na shida gani?"

"Imekosa kibao kimoja, Papa."

"Fungua, hesabu."

Nikahesabu. Vilikuwamo vyote. Kila kimoja kilikuwa kimepungua kidogo tu, unene wa ukucha, na upungufu wa vyote pamoja ndio uliokuwa unapiga kelele mle ndani. Papa Zihindula akanieleza kwamba kasha lililotimia halisemi kitu, na likisema, basi linamsema fundi wake. Tangu siku hiyo hakuna kasha lililotoka mikononi mwangu bila kutikiswa, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo imenifanya niandike.

Sheria yetu mnaijua: nusu mbili ni sawa na kizima kimoja, na vizima viwili ni sawa na kirefu kimoja. Bila hivyo daraja la mtoto halilali sawa, naye hajui kosa ni la nani, anadhani ni lake. Lakini ukichukua kizima ukakikata katikati, hupati nusu mbili. Unapata nusu mbili kasoro ule unga ulioanguka chini. Lazima kwanza upime, uuwekee msumeno sehemu yake na msasa sehemu yake, ndipo ukate.

"Musumeno nayo inakulaka," Papa Zihindula alikuwa akisema. "Ukisahau kuiwekea sahani, itakula kwa sahani ya mutoto."

Desturi ya shavu pia ni yake. Kila kibao kilipitishwa shavuni kabla ya kuingia kashani, maana kiganja cha fundi kimeshakuwa sugu, hakisikii mwiba. Shavu langu la kulia limekuwa laini kuliko la kushoto. Mwenye kubisha aje aangalie.

Nisijifanye sikuwahi kuwa na mawazo yangu mwenyewe. Wazo la mawese lilikuwa langu. Rangi hatukuitaka, kwa kuwa watoto hutia kila kitu mdomoni, nikashauri tuvipake vibao mafuta ya mawese. Vilitoka vyekundu, vinang'aa, raha kuviona. Tulipeleka makasha matatu kwenye shule moja siku ya Ijumaa, na Jumatatu mwalimu akayarudisha mwenyewe kichwani. Panya walikuwa wamefanya sikukuu. Papa Zihindula alichagua kibao kimoja kilichotafunwa vizuri, akakipitisha shavuni taratibu.

"Maman Nsimire," akasema, "huyu panya anafanyaka finition, analainisha kukushinda."

Baada ya hapo tukahamia kwenye nta ya nyuki kutoka Kabare, na mpaka leo mnaitumia bila kujua ni panya gani wa kushukuru.

Vita ya kwanza ilipoingia mjini tulikimbia, kila mtu na watu wake. Majina ya tuliowapoteza sitayaandika hapa. Wazazi wenu wanayajua, na mkiwauliza kwa upole watawaambia. Tuliporudi, atelier haikuwa na mlango. Ulikuwa mlango wa mkono wa Papa Zihindula mwenyewe, naye akasema angalau wameiba kitu kizuri. Walikuwa wamebeba randa, misumari, viti, hata saa ya ukutani ambayo ilikuwa imekufa zamani. Makasha waliyapasua, wakaona ni michezo ya watoto, wakavimwaga vibao sakafuni wakaenda zao. Tulipiga magoti tukaviokota kimoja kimoja, na nilimshukuru Mungu kwa sauti kwamba kazi yetu ilionekana haina maana. Msumeno nao ulikuwa salama, maana Papa Zihindula alikuwa amekimbia nao, umefungwa mgongoni chini ya koti.

Ikaja vita ya pili, na hiyo haikuwa na haraka ya kuondoka. Barabara za kwenda msituni zilifungwa, mbao nzuri zikaacha kufika. Tulitengeneza vibao kwa madawati yaliyovunjika na masanduku ya sabuni. Watu walikuwa wanafika Bukavu kwa miguu kutoka Shabunda, wengine baada ya majuma kadhaa porini, na wengi walipanda Kadutu, mtaa wa kilimani, kutafuta pa kulaza kichwa. Huko juu chama kimoja cha msaada kilipata kipande cha kilima, kikachimba ngazi moja ndefu ya udongo, uwanda wa kusimamishia nyumba, kikaahidi familia sita nyumba sita za mbao.

Kazi hiyo ilipewa mhandisi kijana, ingénieur aliyeitwa Bisimwa. Alikuwa mtu mwema, tena mwenye bidii, na alichora plan nzuri: safu mbili za nyumba tatu tatu zinazotazamana, na kiwanja kidogo katikati cha watoto. Aliwaonyesha wamama wa zile familia. Wakasema, "Iko muzuri, ingénieur." Lakini siku ya kuchimba hakuja mtu. Akarudi kuwaeleza tena, wakasema tena iko nzuri, na siku ya pili hakuja mtu vilevile. Ndipo alipokuja kwetu kukatiwa vigingi, akaanza kulalamika.

"Hawa bantu banataka nini? Nabauliza, banakubali. Nikigeuka, hakuna mutu."

Papa Zihindula alimsikiliza mpaka mwisho. "Karatasi yako inasemaka Kifaransa," akamwambia. "Ubapelekee kitu ya kushika."

Akaniagiza nitayarishe nusu kumi na mbili. Kila nyumba ilikuwa na vyumba viwili, kwa hiyo nusu mbili zingekuwa nyumba moja, na wamama wangeweza kugeuza hata chumba kimoja kimoja. Nyumba ilikuwa ya mita tano, kizima chetu ni sentimita kumi. Hesabu ni rahisi, kila sentimita ni nusu mita.

Sikuwa na mti wa kukatia nusu mpya. Nilichukua vizima sita vizuri kutoka kasha la zamani, nikavikata katikati, nikavipiga msasa kwenye ncha, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimemaliza. Sheria niliijua. Nilijiambia tu kwamba hivi si vya watoto, ni vya wakubwa, tena vya siku moja, nani atapima? Sikuvitia kashani. Nilivifunga katika kitambaa tukapanda Kadutu.

Ingénieur alilaza ubao mpana chini, akachora juu yake kwa makaa ile ngazi ya udongo, kipimo kwa kipimo. Nikapanga nusu zangu kama plan yake ilivyosema, na alama ya makaa mahali pa kila mlango. Wamama walicheka sana. "Sisi tumekuwa batoto ya gardienne?"

Mmoja hakucheka. Alikuwa Maman Wabiwa, mwanamke mrefu wa makamo, aliyefika kutoka Shabunda pamoja na binti yake, mume wa binti yake aitwaye Mulonda, na wajukuu wanne. Aliuliza nyumba yake ni ipi. Ingénieur akamwonyesha. Akauliza ile iliyo mbele yake ni ya nani.

"Ya Mulonda na bibi yake. Utakuwa unaona bajukuu yako kila asubui."

Maman Wabiwa akavuta kitenge chake mabegani. Kisha akainama, akachukua nusu zake mbili, akazihamisha mpaka mwisho kabisa wa ubao. Mama wa pili akasogeza zake, wa tatu akazigeuza zake, wakaanza kusukumana mikono na kubishana, na baada ya muda mfupi safu mbili zilikuwa safu moja, milango yote ikitazama ziwa lililo chini ya kilima. Mulonda alikuwa mwanzo wa safu, mama mkwe wake mwisho, na familia nne katikati yao.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikaona haya. Hata sisi Bashi, wenyeji wa huku, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Maman Wabiwa angetoka asubuhi kwenda kuoga, na bokilo wake, yaani mkwewe, yuko mlangoni anapiga mswaki? Heri kurudi porini. Na kulitamka jambo hilo mbele ya kijana mwenye kalamu ni aibu nyingine juu ya ile ya kwanza. Ingénieur mwenyewe alikuwa mtoto wa Kabare, kwetu Bashi, na mama mkwe wake alikuwa anamkimbia hata barabarani, lakini alipochora alikuwa amechora nyumba peke yake, bila watu. Alijishika kichwa. Kisha akacheka, nasi wote tukacheka.

Wamama wakasema kwamba maji ya mvua hushuka upande ule wa mwisho, ukingoni mwa korongo, kwa Maman Wabiwa, na lazima ibaki nafasi ya caniveau, mfereji wa maji. Kwenye ubao nafasi ilikuwapo, zaidi ya upana wa kidole kimoja baina ya nyumba yake na ukingo. Ingénieur akaipima kwa rula. "Mita moja na kitu. Inatosha." Alipima nafasi ya mfereji, nyumba hakuzipima. Nyumba zilikuwa mita tano, jambo linalojulikana. Kesho yake watu walifika kuchimba kabla yake.

Yalipita majuma mawili. Nyumba nne zilikuwa zimesimama, kuanzia kwa Mulonda, na mbao za zile mbili za mwisho zilikuwa tayari zimekatwa. Mimi nilikuwa napanga vitu atelier, nikazitia zile nusu kashani mwao, nikafunga, na mkono ukatikisa wenyewe kwa mazoea.

Koko-koko.

Niliziweka nusu mbili ubavuni mwa kizima. Zilikuwa fupi kwa milimita nne, unene wa kifungo cha koti. Nikakaa chini juu ya unga wa mbao nikapiga hesabu. Milimita nne kwa kila nyumba, nyumba sita, halafu ipandishe iwe mita: ni mita moja na zaidi. Mfereji wote wa Maman Wabiwa haukuwapo kilimani. Ulikuwa chini ya meza yangu, nimeshaufagia.

Nitasema ukweli, nilifikiri kunyamaza. Nyumba zingejengwa, mvua ingekuja, maji yangeingia kwa yule mama na wajukuu waliokuja kulala kwake, na watu wangesema ni kilima cha Kadutu, kilima kinajulikana. Kwenye kile chama walikuwapo waliocheka tangu mwanzo kwamba ingénieur anajenga na michezo ya watoto. Na jina ambalo lingechafuka kwanza ni la Papa Zihindula. Kisha nikasimama, nikamwita, nikamwonyesha.

Alichukua nusu moja, akaipitisha shavuni kama kawaida.

"Ni laini," akasema.

"Papa, nilidhani kwa vile ni ya wakubwa..."

"Mutoto akijenga mubaya, inaanguka, anacheka, anaanza tena," akasema. "Mukubwa akijenga mubaya, analala mule ndani." Akavaa koti lake. "Beba vizima sita na zile nusu. Tunapanda sasa."

Alipumzika mara tatu njiani, na kila nilipotaka kuomba msamaha aliniambia nitunze pumzi. Tulimkuta ingénieur anapigilia vigingi vya nyumba ya tano. Nilimwambia. Alivuta mita yake ya chuma kutoka nyumba ya nne mpaka ukingo wa korongo, akavuta mara ya pili, na sura yake ikabadilika.

"Maman Nsimire! Planche zote zimekatwa mita tano. Bureau ya chama wameshaona plan. Nitabaambia nini?"

"Ubaambie ni mimi," nikasema, na nilisema kwa sauti ili wamama wote wasikie. "Nilikata mubaya. Musumeno ilikula caniveau yenu."

Hakuna aliyecheka. Maman Wabiwa akasema, "Onyesha." Nikaweka kizima, nikaweka nusu mbili ubavuni. Alipitisha kidole pale penye upungufu. Kisha akavipanga mwenyewe vile vizima sita juu ya ubao wa ingénieur, kimoja baada ya kingine, na kweli, cha sita kilifika mpaka ukingoni penye maji.

Akakishika kile cha mwisho, chake, akakigeuza, upande mfupi ukafuata safu na upande mrefu wenye mlango ukatazama korongo.

"Basi munigeuze," akasema. "Mimi njo wa mwisho. Hakuna mwenye kupita mbele yangu."

Ingénieur akapima. Nafasi ya mita mbili na nusu, na hakuna hata ubao mmoja wa kukata upya. Mlango wa Maman Wabiwa ungetazama nje kabisa, mbali na safu nzima. Jirani yake mmoja akamwambia kwamba basi atakuwa anakaa mlangoni peke yake, amewapa watu mgongo.

"Nitabasikia na mugongo," akajibu.

Mulonda alikuwa kule mwanzo wa safu, uso umeelekea ukuta kwa heshima. Alimnong'oneza mke wake, naye akaja mpaka kwetu na ujumbe. "Anasema, mumwambie maman: ile caniveau ataichimba yeye mwenyewe."

Maman Wabiwa alimjibu binti yake bila kugeuka. "Umwambie aksanti. Na asichimbe kidogo."

Hakuchimba kidogo. Siku alizokuwa anachimba, mama mkwe alishinda kwa jirani, ili kila mmoja awe na amani. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, nilipanda asubuhi yake na moyo mkononi. Maji mekundu yalikuwa yanapita mferejini kwa nguvu, ubavuni mwa nyumba, yanashuka zake. Sakafu ilikuwa kavu na wajukuu walikuwa wanakula. Nililia pale mlangoni, na Maman Wabiwa akaniuliza kama kuna msiba kwetu.

Nilizichoma zile nusu kumi na mbili, yaani nilizichoma kumi na moja. Moja haikuonekana, na niliisaka sana, maana kibao kifupi kikiingia katika kasha la watoto kinaharibu kasha zima.

"Wacha," Papa Zihindula akaniambia. "Itakuwa ilipata kazi."

Hakunitania juu ya jambo lile hata siku moja, na mnajua alivyonitania juu ya panya. Miaka ilipopita na mkono wake ukaanza kutetemeka, alinikabidhi msumeno akiwa ameugeuza, mpini upande wangu. Alipofariki, jeneza lake tulilitengeneza sisi hapa hapa atelier, na kabla hatujalipeleka nilipitisha shavu langu kwenye kila ubao, ndani na nje. Yote ninayoyajua ni yake. Sikumshukuru vya kutosha, kwa hiyo namshukuru hapa.

Kesho yake baada ya ninyi kuniaga, nilikata kipande cha keki yenu nikapanda Kadutu. Nilipumzika mara nne. Papa Zihindula angecheka. Nyumba zile sasa nyingi zina kuta za matofali, lakini ya Maman Wabiwa imejengwa upya palepale, imegeuka vilevile, na mfereji unafanya kazi yake. Yeye ni mzee sana sasa. Anasikia kidogo tu, na anadai mgongo ndio bado unasikia vizuri.

"Leo hauendi bila kula," akaniambia. "Iko bugali, iko samaki ndogo, sambaza."

Sakafu ya kwake inainama, kama sakafu zote za Kadutu. Wakati binti yake anatandika meza, kijiko kilianguka, nikainama kukiokota. Chini ya mguu mmoja wa meza nikaona kitu cha mraba, cheusi kwa uzee. Niliomba meza ishikiliwe, nikakichomoa, nikakipitisha shavuni. Nilikijua kabla sijakitazama.

"Maman, hii ulitoa wapi?"

"Siku ile ya pili ya michezo, ile ulileta nzima," akasema, bila aibu yoyote. "Nilikuwa nimeshaona meza yangu itahitaji kitu. Nilijaribu na kipande ingine ya mbao, ilikuwa inapita. Hii yako fupi njo ilienea."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikafanya yote mawili. Maman Wabiwa alikuwa ameweka mkono mmoja juu ya meza, anasubiri, maana chakula kilikuwa kinakuja. Basi nikapiga magoti, nikairudisha nusu ya kumi na mbili chini ya mguu wa meza, nikasimama nikaitikisa meza kama nilivyofundishwa siku ya kwanza. Haikusema kitu.